Bampa Iliyokuja na Basi

Tarehe sita Aprili 2004 mke wangu alifariki, na kesho yake, tukiwa njiani kumleta nyumbani, gari letu likapoteza bampa ya mbele. Nayaandika pamoja kwa sababu yalitupata pamoja.

Tulikuwa tunatoka hospitali, upande wa Karatu. Masika yalikuwa yamekolea, na pale kijiji cha Daudi barabara ilikuwa tope tupu. Ndugu yangu ndiye aliyekuwa anaendesha. Pikapu iliteleza, ikagonga ukingo wa barabara, bampa ikang'oka upande mmoja, ikaingia chini ya tairi na kukunjika. Taa ya kushoto nayo ikabaki inaning'inia. Tulishuka kwenye mvua. Ndugu yangu alichomoa kibao cha namba akakitupia ndani ya kabini. Bampa tuliiacha mtaroni. Hakuna aliyesema tuipakie, kwa sababu nyuma alikuwa amelala yeye.

Baada ya maziko ndugu yangu alirudi kuitafuta, asiikute, kisha akarudi kwake. Kwetu chuma hakilali barabarani.

Pikapu yenyewe ilikuwa ya Kijapani, ya bluu, kuukuu. Tangu biashara ilipofunguliwa, magari ya namna hiyo yalikuwa yanaingia kwa wingi, na hata sisi wa Endagikot tuliosoma mpaka darasa la saba tukaanza kuthubutu. Nusu yake ilitoka kwenye vitunguu saumu alivyolima mke wangu, nusu kwenye vibarua vyangu. Hatukujaliwa mtoto, tukajaliwa gari. Bampa yake ilikuwa chuma bapa kinachong'aa, na mke wangu alikuwa anakisugua kwa majivu kama sufuria. Mama yake, aliyekuwa anaishi Nangwa kule Hanang, hakuwahi kuliita gari langu. Alikuwa akisema, "gari la binti yangu."

Mama huyo hakufika kwenye maziko. Barabara ya mteremko wa Dareda ilikuwa imefungwa na maporomoko, na nyonga yake ilikuwa mbovu kiasi kwamba hata kwenda kisimani alikuwa anapumzika njiani. Sasa msiba ulikuwa haujafungwa, na Baba yangu, ambaye ndiye mkubwa wa boma letu, alitoa neno lake siku ya pili tu.

"Msiba haufungwi mama mzazi akiwa hajakanyaga kaburi la mwanawe."

Mwenye kuelewa mila zetu sisi Wairaqw anajua neno hilo lilivyokuwa zito. Boma lenye msiba linakaa peke yake. Hakuna anayekuja kula kwenu, ng'ombe wenu hawachanganyiki na wa jirani, na kitu kikishaingia kwenu hakitoki mpaka mambo yafungwe. Siku hizi wengi hawashiki tena, na hata mwaka ule walikuwepo waliosema ni ya kizamani. Katekista wetu alisema hivyo hivyo, kwa sauti kabisa, lakini alisema akiwa amesimama barabarani. Baba alishika. Nami sikuwa na nguvu za kubishana.

Kwa hiyo kilichotakiwa kilikuwa kimoja tu, nacho ni kumleta mama mkwe. Tulimpelekea ujumbe kwa watu wa mnadani. Jibu likarudi kwa njia hiyo hiyo.

"Mwambieni mkwe wangu nitakuja kwa gari la binti yangu. Basi sipandi, na gari la mtu mwingine sipandi."

Barabara ilipofunguliwa niliwasha gari hivyo hivyo lilivyo, nikafunga taa kwa mpira wa tairi la baiskeli, nikaenda. Dongobesh nikapita salama, mteremko nikashuka salama. Pale Dareda, unapoikuta barabara kubwa ya kwenda Katesh, trafiki akanyoosha mkono.

"Meno ya gari yako wapi?"

"Yaling'oka, afande."

"Na jicho umelifunga kwa mpira?"

"Ndiyo, afande."

"Unakwenda wapi na kichwa hiki?"

"Nangwa. Kumchukua mama mkwe."

Alizunguka gari lote akarudi pale pale mbele. "Wewe una ujasiri. Mama mkwe umfuate na gari kibogoyo? Rudi. Ukija na bampa, na namba iko mahali pake, na taa imesimama, utapita. Leo hupiti."

Alikuwa na haki, ndiyo maana hasira yangu ilikosa pa kwenda. Nilirudi nayo mpaka juu Bashnet, mpaka Dongobesh, mpaka nyumbani.

Kando ya boma letu, ng'ambo ya ua wa minyaa, alikuwa anaishi fundi. Alikuwa anatengeneza baiskeli, mashine za kusaga na magari yanapopatikana. Wakati mwingine wowote angeruka ua akaja. Safari hii mke wake alikuwa mjamzito, tena miezi ya mwisho, na mjamzito ndiye anayeogopewa kuliko wote boma jirani likiwa kwenye msiba. Alisimama upande wake wa ua, kofia tu ikionekana juu ya minyaa.

"Pole, jirani. Kuja siwezi, unajua mwenyewe."

"Najua."

"Lakini mdomo wangu haujazuiliwa. Bampa inapatikana Arusha. Konda wa basi la asubuhi ni rafiki yangu, atatuletea. Nipe kipimo."

Mkoa ulikuwa umeshaitwa Manyara, makao makuu ya mkoa yalikuwa yamehamia Babati, lakini spea bado ilikuwa Arusha.

Baba alileta kamba ya katani. Wiki chache nyuma alikuwa amepima kaburi kwa kamba ya namna ile ile, mimi nikaangalia pembeni, na safari hii pia niliangalia pembeni. Alipima kutoka ncha ya madigadi ya kulia mpaka ncha ya madigadi ya kushoto, akafunga fundo. Hapo ndipo tulipokumbuka kwamba kamba haiwezi kutoka.

"Lakini gari lilitoka, Baba."

"Gari linarudi. Kamba inakwenda Arusha."

Basi Baba akashika ncha moja ya kamba yetu, mimi nyingine, tukainyoosha kando ya ua kwa ndani. Kule nje fundi na mama yake wakanyoosha kamba yao sambamba na yetu, wakichungulia katikati ya minyaa.

"Vuta kidogo, mama. Huko! Jirani, fundo lenu liko wapi?"

"Kwenye mti huu uliovunjika."

"Nimeuona. Imelingana. Hata Wajapani hawapimi hivi."

Hicho ndicho kipimo kilichokwenda Arusha: urefu wa bampa, kupitia ua wa minyaa. Hatukutuma umbo, hatukutuma matundu yalipo, hatukutuma jina la modeli. Tulikuwa watu wanne wazima na hakuna aliyeuliza.

Bampa ilifika juu ya keria ya basi, imeviringishwa kwenye gunia. Fundi aliifungua upande wake. Nikamwuliza.

"Vipi?"

"Ni nzuri," akasema. "Ni nzuri sana. Ni ya modeli mpya."

Aliisukuma kwa mti kupitia uwazi wa ua bila kugusa upande wetu. "Imeingia. Sasa ni yenu."

Ilikuwa ya plastiki, rangi ya fedha, nene tumboni, imepinda kwenye pembe kama mikono ya mtu anayetaka kukumbatia, na ina matundu mawili makubwa ya taa za ukungu ambazo gari letu halikuwahi kuwa nazo. Niliiweka mbele ya gari. Urefu ulilingana kabisa, hata unene wa kidole haukuzidi. Kitu kingine chochote hakikulingana.

Kwanza ilibidi nitoe vipande vya bolti za zamani vilivyobaki kwenye chasisi. Fundi akarusha spana namba kumi na mbili juu ya ua, akijua haitarudi kwake mpaka msiba ufungwe. Ilikuwa ndogo. Bolti zilikuwa za kumi na nne.

"Nirushie ya kumi na nne."

Kofia ikatikisika. "Jirani, ya kumi na nne ndiyo inayonilisha."

"Basi nitumie meno?"

Ninajua alikuwa anafikiria mashine zote za kusaga kuanzia Endagikot mpaka mjini, na nati zake. Mwisho spana ikaja, ikaanguka kwenye majani ya maharage.

"Mlete huyo mama upesi," akasema.

Bolti ya kulia ilitoka. Ya kushoto, iliyokuwa imekaa kwenye tope na kutu, niliiloweka kwa dizeli, nikaisubiri, nikaizungusha taratibu kama alivyoniambia, ikakatika. Kichwa kikabaki ndani ya spana, mwili ukabaki ndani ya chasisi. Nilikiangalia kile kichwa cha bolti. Nilitamani kukitupa mpaka Hanang.

Kisha ikaja kazi ya kupachika. Nayaandika mazungumzo yetu kama yalivyokuwa, kwa sababu siku zile ndiyo maneno pekee niliyozungumza na mtu asiyekuwa Baba.

"Umeona tundu la bolti?"

"Nimeliona."

"Basi ingiza bolti."

"Tundu la bampa liko huku, la chasisi liko kule."

"Kule wapi?"

"Kule juu. Kiganja kizima."

"Si uinue bampa!"

"Nikiinua inagonga taa."

"Sogeza taa!"

"Taa haisogei. Imekaa kwenye bati la gari."

"Mbona kwenye modeli mpya inakaa?"

"Kwa sababu modeli mpya taa zake ni ndogo na za mviringo! Za kwetu ni za pembe nne, kama dirisha!"

"Usinifokee, jirani, mimi sioni kitu huku."

Baba, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda chake, akasema bila kuinua kichwa, "Tuliwapelekea kamba. Kamba haina macho."

Fundi akashauri nikate mdomo wa juu wa bampa ili taa zipate nafasi. Nilikata kwa msumeno wa chuma, nusu siku nzima, unga wa plastiki ukinishika kwenye jasho. Nilikata nyingi upande wa kulia. Ukabaki uwazi ambao kuku angepitisha kichwa. Kisha akasema nitoboe matundu mapya kwa nondo ya moto. Niliweka nondo kwenye mafiga, ikawa nyekundu, nikaigusisha, na plastiki ikayeyuka kama mafuta ya ng'ombe. Nilitaka tundu la bolti nikapata tundu la kikombe. Moshi wake ulikuwa mweusi na ulinuka, na sasa fundi alikuwa anauliza kutoka ng'ambo, "Kuna nini? Kuna nini kinaungua?" na mimi sikutaka kumjibu.

Niliipiga bampa teke.

"Usipige gari la marehemu," Baba akasema.

Nikaingia chini ya gari, nikijifanya natafuta washa ya bolti iliyoanguka. Nililala chali kwenye udongo baridi. Katika miaka yetu yote, nilipokuwa chini ya gari lile mke wangu alikuwa anachuchumaa pale kwenye tairi, ananipa spana kabla sijaitaja, kwa sababu alikuwa anazijua kwa ukubwa wa kinywa. Machozi yakatoka, yakaingia masikioni. Sikuwa nimelia makaburini. Nadhani nilitoa sauti.

"Unasemaje?" fundi akauliza.

"Sijasema kitu."

Kofia ilikaa pale pale muda mrefu, kisha ikaondoka.

Tatizo kubwa lilikuwa kwamba bampa ya modeli mpya inashikwa na chuma cha ndani ambacho magari ya zamani hayana. Plastiki peke yake haiwezi kujishika. Nilihitaji vipande viwili vya chuma bapa vya kuunganisha chasisi na matundu ya chini, na gunia la spea la fundi halikuwa navyo. Boma zima nililizunguka. Niliangalia jembe, niliangalia bawaba za zizi. Nyuma ya nyumba kilikuwa kimesimama kitanda chetu cha chuma, cha rangi ya kijani, kilichotolewa nje siku ya maziko. Niliangalia mbavu zake, zile bapa zinazobeba godoro. Upana ulikuwa ndio wenyewe.

Nilimfuata Baba.

"Naweza kukata chuma cha kitanda?"

"Kitanda hakitoki nje ya boma," akasema. "Gari nalo ni la boma. Kata."

Nilikata mbavu mbili. Nilizikunja kwa kuzigonga juu ya jiwe la kunolea, nikatoboa, nikafunga upande mmoja kwenye chasisi na mwingine kwenye bampa. Palipokuwa na tundu la kikombe niliweka washa pana niliyokata kwenye soli ya kandambili. Upande wa kushoto, palipokatikia bolti, nilifunga waya mara nyingi. Kibao cha namba kikakaa katikati, kimeinama kidogo. Taa nikaisimamisha. Nikarudi nyuma kuangalia.

Lilikuwa baya. Sina neno lingine. Mwili wa bluu uliopauka, taa za pembe nne za mzee, na chini yake kidevu kinene cha fedha cha kijana wa mjini. Nilikasirika kwamba nimehangaika hivyo nikapata kitu kile.

"Tayari?" fundi akauliza.

"Imeshika."

"Inapendeza?"

"Hapana."

"Basi nenda kabla haijajua kwamba imefungwa."

Nilikwenda. Kila shimo nilikuwa nasikiliza. Pale Dareda trafiki alikuwa yule yule. Aliinama, akaangalia, akainuka akiwa amefunga mdomo kwa nguvu asicheke.

"Naona umepata meno ya bandia."

"Ndiyo, afande."

"Hata mzee wangu anayo. Pita. Msalimie mama mkwe."

Nangwa nilifika jua likiwa bado liko juu. Mama mkwe alikuwa amekaa nje kwenye ngozi, fimbo kando, mfuko wake umefungwa tayari. Sijui ulikuwa umefungwa tangu lini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Hakuwa ananiangalia. "Hili ni gari gani?"

"Ni lile letu, mama."

"Siyo. La binti yangu lina chuma mbele kinachong'aa. Nilikuwa najiona uso humo."

"Kiling'oka siku tunamleta. Gari liliteleza kwenye tope."

"Hicho chuma kiko wapi?"

Ningeweza kusema kiliibiwa, na isingekuwa uongo mtupu. "Tulikiacha mtaroni, mama."

"Kwa nini hamkukipakia? Si mna nyuma pa kupakilia?"

"Nyuma alikuwa amelala yeye."

Kisha akainuka kwa fimbo, taratibu, akaja mpaka mbele ya gari. Nilidhani anataka kuona ubaya wake kwa karibu, kisha aniambie nirudi peke yangu. Aligusa bampa kwa ncha ya fimbo, ikacheza. Akainama kadiri nyonga yake ilivyomruhusu, akaangalia chini, palipo na waya na zile mbavu mbili. Rangi ya kijani ilikuwa bado iko.

"Hiki ni chuma cha kitanda."

"Ndiyo, mama."

"Kitanda nilichowapa."

"Ndiyo. Sikuwa na chuma kingine. Nilimwomba Baba ruhusa, wewe sikukuomba. Ulikuwa mbali."

Alibaki ameinama. Aliweka kiganja kwenye ule ubavu wa kulia, akaushika, kama mtu anayepima kama mtoto ana homa. Aliponyooka alinipa mfuko wake.

"Fungua mlango," akasema.

Njiani hakusema sana. Kwenye mteremko, tukipanda, bampa ilianza kulia upande wa kushoto, kwenye waya. Aliuliza kama ni yenyewe. Nikasema ni yenyewe. Akasema niende taratibu, hana haraka tena.

Alifika, akakanyaga kaburi, akalia kwa sauti aliyokuwa ameitunza tangu masika. Baba alifanya yaliyotakiwa kufanywa, tukanyolewa nywele, ng'ombe wakafunguliwa kwenda na wenzao.

Asubuhi yake fundi alikuja kupitia lango. Mke wake alikuwa amejifungua salama, wa kike. Alimsalimia mama mkwe, akapewa chai kwetu, akanywa, akaomba ya pili. Kisha akaenda kupiga magoti mbele ya gari na kuangalia kwa mara ya kwanza kazi aliyoiongoza.

"Nani alikufundisha kufunga nati namna hii?"

"Wewe."

Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka.

"Nipe ya kumi na nne."

Nikaenda ndani, nikaitoa, nikampa mkononi.